Stashahada ya kilimo na bustani chuoni: unacholipia na unachokipata

Ukitaka kukijua chuo cha kilimo haraka, uliza swali moja: je, kila mwanachuo ana tuta lake? Tuta lenye kibao cha jina lake, analolilima, kulimwagilia, kulipalilia na kulivuna, na likikauka ni yeye anayejieleza kwa mkufunzi. Lilipo tuta la mtu mmoja mmoja, ufundi mwingine hufuata. Wanachuo 20 wakigawiwa tuta moja la kikundi, watano hulima, watatu huandika, na waliobaki huangalia. Tumeipitia stashahada ya kilimo kwa kipimo hicho, somo baada ya somo.

Tunazungumzia mafunzo ya vyuo vya serikali Tanzania Bara, vile ambavyo wengi wanaviita MATI: Uyole kule Mbeya, Ilonga wilayani Kilosa, Ukiriguru Mwanza, Igurusi, Mtwara na vinginevyo, pamoja na Tengeru, Arusha, kwa upande wa bustani. Aliyetoka kidato cha nne na ufaulu wa sayansi huanzia ngazi ya 4 na kupanda hadi ya 6, mwaka mmoja mmoja. Aliyetoka kidato cha sita na tahasusi ya sayansi husoma miaka miwili. Mitaala iko chini ya NACTVET, baraza la taifa la elimu na mafunzo ya ufundi, kwa hiyo orodha ya moduli haitofautiani sana. Tofauti iko kwenye maji, mashamba na idadi ya vifaa. Kasoro tunazozitaja zinakutwa sehemu nyingi, na hakuna chuo tunachokinyooshea kidole.

Moduli ya uzalishaji wa mboga ndiyo inayofundishwa vizuri kuliko nyingi, kwa sababu matokeo yake yanaonekana ndani ya mwezi. Huanza na hesabu ya mbegu, na hesabu hiyo peke yake inamtenganisha bwana shamba na muuza pembejeo. Ekari ni mita za mraba 4,000 na kidogo. Nyanya zikipandwa sentimita 75 mstari hadi mstari na 50 shina hadi shina, kila shina linachukua mita za mraba 0.375, hivyo ekari inabeba mashina kama 10,700. Gramu moja ya mbegu za nyanya ina mbegu karibu 300. Ukigawanya unapata gramu 36. Uotaji ukiwa asilimia 80, na miche dhaifu ikaachwa kitaluni, gramu 50 zinatosha. Mkulima anayenunua gramu 100 za mbegu chotara kwa ekari moja analipa mara mbili, na chotara si mbegu ya bei rahisi.

Kitaluni, tuta la upana wa mita 1 linatosha, ili mkono ufike katikati bila kukanyaga udongo. Mistari iwe sentimita 15, mbegu zifukiwe sentimita 1, halafu tandaza nyasi kavu. Hapo ndipo wanachuo wengi hukosea. Nyasi lazima ziondolewe mara tu mbegu zinapoanza kuchomoza, na ziondolewe jioni. Ukichelewa siku mbili miche inarefuka kama uzi, shina jeupe, na upepo wa kwanza unailaza. Kosa la pili ni kusia mbegu zikabanana na kumwagilia jioni. Tuta linalala na unyevu, kinyausi kinaingia, shina linabana usawa wa udongo kana kwamba limefungwa uzi, na asubuhi unakuta miche imelala viraka viraka. Dawa ya kuvu husaidia kidogo, lakini tiba ni kupunguza miche ibaki sentimita 3 hadi 5, kumwagilia asubuhi na kutorudia kitalu palepale kila msimu. Siku 7 hadi 10 kabla ya kuhamisha, maji hupunguzwa na kivuli huondolewa ili miche izoee jua. Mche wa wiki 4 hadi 5, uliozoeshwa hivyo, haulegei hata ukihamishwa siku ya joto.

Dosari ya moduli hii ni ratiba. Nyanya inahitaji wiki 4 au zaidi kitaluni na wiki 10 hadi 12 shambani kabla ya chumo la kwanza. Muhula wenyewe una wiki zisizozidi hizo kwa kiasi kikubwa. Mbegu zisipoingia kitaluni wiki ya kwanza, wanachuo wanafunga na kwenda nyumbani nyanya zikiwa za kijani, na somo la kuvuna, kuchambua madaraja na kuuza wanalisoma kwenye daftari. Vyuo vilivyojipanga huanza na chainizi au mchicha, mazao ya wiki 3 hadi 6, kila mtu akavuna na kuuza mwenyewe ndani ya muhula, huku nyanya zikiendeshwa kama shamba la chuo. Tunaupenda mpangilio huo. Mtu aliyeuza mafungu 40 ya mchicha na kuona faida yake ikiliwa na maji na mbegu anaelewa uchumi wa bustani.

Kubebesha miche, yaani kuunganisha tawi la aina bora kwenye shina la kienyeji, ndiko kunakostahili ada yako kuliko kitu kingine chochote kwenye stashahada hii. Parachichi za Hass zimeenea Njombe, Mbeya, Kilimanjaro na Arusha, na mche uliobebeshwa vizuri ni biashara ambayo mhitimu anaweza kuianza nyuma ya nyumba. Chuo kikifundisha vema, hatua ni hizi. Shina la parachichi la kienyeji, lenye unene wa penseli, hukatwa sentimita 20 hadi 25 kutoka kwenye udongo. Kikonyo, yaani kile kipande cha tawi kinachounganishwa, huchukuliwa kwenye ncha ya tawi lililokomaa la mti mama, macho yake yamevimba lakini hayajafunguka. Majani hukatwa papo hapo ili kisipoteze maji, kisha kikonyo hufungwa kwenye kitambaa kibichi na kutumika siku ileile. Chonga kabari ya sentimita 3 hadi 4, pasua shina katikati kwa kina hichohicho, ingiza, na uhakikishe utando wa kijani ulio chini ya gome la kikonyo unagusana na ule wa shina. Kama unene haulingani, linganisha upande mmoja tu na uache mwingine. Funga utepe wa nailoni kuanzia chini kwenda juu, ili kila mzunguko uufunike ule wa chini yake na maji yateleze kama juu ya makuti. Mwisho funika kwa kifuko chembamba cha nailoni, kama vile vya barafu, na uweke mche kivulini.

Kisu ndicho kinachoamua. Kisu cha kubebeshea hunolewa upande mmoja, upande wa pili ukabaki bapa, kwa sababu ubapa huo ndio unaonyoosha mkato. Kabari ichongwe kwa pigo moja kila upande. Anayekata mara ya pili na ya tatu akirekebisha huacha bonde dogo ambalo jicho halilioni, lakini likiinuliwa dhidi ya mwanga na kubanwa kwenye shina, unaona mwanga ukipita katikati. Mwanga ukipita, hakuna kushikana hapo. Kabla ya kuanza kazi jaribu kisu kwenye karatasi. Kikikata bila kuichana, anza. Kikichana, rudi kwenye jiwe la kunolea.

Mkufunzi mzuri atakufundisha pia kusoma kifo cha mche. Kikonyo kikiwa cheusi ndani ya wiki moja, kilikuwa kimekauka kabla ya kutumika, au kisu kilikuwa kichafu, au maji yaliingia kwenye kidonda. Kikibaki kijani wiki tatu kisha kikanyauka, kilikuwa kinaishi kwa maji yake chenyewe na hakikuungana kamwe, kwa hiyo kosa liko kwenye mkato au kwenye kufunga. Kikichipua wiki ya tatu au ya nne, kifuko hutolewa jioni, na machipukizi yote yaliyo chini ya kiungo hutolewa kila yanapotokea, la sivyo shina la kienyeji litapora chakula. Utepe nao usisahaulike. Baada ya miezi miwili hadi mitatu, kiungo kikishaimarika, usipofunguliwa unakata mche shingoni.

Tatizo ni idadi. Sehemu nyingi mwanachuo hubebesha miche mitatu au mitano, anapewa alama, basi. Mkono wa mtu hautulii kwa miche mitano. Kwa maoni yetu, aliyebebesha chini ya miche 50 bado anajifunza, na chuo kinachompa shina tano kinamdai ada ya ufundi ambao hajaupata. Ukijikuta mahali kama hapo, omba kufanya kazi kwenye kitalu cha miche Jumamosi. Mara nyingi wasimamizi wa vitalu wanahitaji mikono na hawakatai.

Bomba la kunyunyizia dawa. Somo hili linapaswa kuwa la lazima kwa kila raia anayelima, na pale linapofundishwa kwa ukamilifu tunalipa alama ya juu. Pima kiwanja cha mita 10 kwa 10. Jaza bomba maji matupu kwa kiasi unachokijua, nyunyiza kiwanja chote kwa mwendo wako wa kawaida, kisha pima maji yaliyobaki. Tuseme umetumia lita 4. Ekari ina viwanja kama 40 vya namna hiyo, kwa hiyo utatumia lita 160, sawa na mabomba 10 ya lita 16. Lebo ikisema kilo 2 kwa hekta, hiyo ni gramu 800 kwa ekari, yaani gramu 80 kwa kila bomba. Sasa tazama: mwenzako anatembea taratibu na nozeli yake imechakaa, anatumia lita 6 kwenye kiwanja kilekile. Ekari yake inameza mabomba 15. Akiweka gramu 80 zilezile kwa bomba, amemwaga kilo 1.2, yaani nusu zaidi ya kipimo, na kila mmoja wao anaamini amefuata maelekezo. Ndiyo maana kipimo cha vifuniko vya chupa ni hatari. Kinasahau kwamba watu hawatembei sawa.

Pamoja na hilo, mwanachuo afundishwe kusoma namba ya usajili wa kiuatilifu, siku za kusubiri kabla ya kuvuna, kusuuza chombo mara tatu na maji ya suuza kuyarudisha kwenye bomba, kisha kutoboa chombo kisije kikachotewa maji ya kunywa. Suruali ya ovaroli ivaliwe nje ya gambuti. Ikichomekwa ndani, dawa inayotiririka mguuni inaingia kwenye kiatu na kukaa humo kutwa. Tumeona vyuo vinavyofundisha haya yote ubaoni kwa sababu bomba zima ni moja. Somo la bomba lisilo na bomba mgongoni halina thamani.

Wadudu na magonjwa hufundishwa kwa kiwango cha kuridhisha, hasa kantangaze kwenye nyanya na viwavijeshi vamizi kwenye mahindi, kwa kuwa mashamba ya vyuo yenyewe yanashambuliwa. Mtahiniwa mzuri anajua kufungua jani la nyanya lililochimbwa, kulielekeza kwenye jua na kumwonyesha mkulima kiwavi kikiwa ndani ya jani, mahali ambapo dawa ya kugusa haifiki. Lenzi ya mkono ya kukuza mara 10 inatosha kwa kazi nyingi.

Upande wa udongo, uchukuaji wa sampuli unafundishwa vizuri na upimaji wake vibaya. Sampuli huchukuliwa sehemu 15 hadi 20 kwa kutembea zigizagi, kina cha sentimita 0 hadi 20, ukikwepa kichuguu, njia, kivuli cha mti na pale palipomwagwa samadi. Changanya kwenye ndoo ya plastiki. Ndoo ya bati ina zinki, na zinki hiyo itaingia kwenye majibu. Gawanya fungu mara nne, tupa robo mbili zinazotazamana, rudia hadi ibaki nusu kilo, kisha anika kivulini na kuandika lebo. Baada ya hapo maabara huangusha kazi. Kipima pH kinatumika bila kusawazishwa kwa maji maalumu ya pH 4 na 7, wanachuo wanapata namba tatu tofauti kwa udongo mmoja, na wanaandika wastani. Kama unataka majibu ya uhakika kwa utafiti wako wa mwisho, peleka sampuli kwenye maabara kubwa, kama ile ya udongo ya TARI (Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania) Mlingano, Tanga, na uweke gharama hiyo kwenye bajeti mapema.

Hifadhi ya udongo na maji ndiyo iliyotusikitisha zaidi, maana Kiswahili ndicho kilichoipa dunia maneno yake. Fanya juu na fanya chini, makinga maji yaliyoenea sana Machakos, Kenya, yanaitwa hivyohivyo kwenye vitabu vya wataalamu wa mataifa mengine. Halafu mwanachuo wetu anayachora kwenye mtihani bila kuchimba hata mita moja. Kazi yenyewe inahitaji fremu ya A tu: miti miwili ya mita 2 na nusu iliyofungwa juu, miguu ikitengana mita 2, mti wa kulalia katikati, na kamba yenye jiwe ikining'inia kutoka kileleni. Simamisha fremu kwenye vigingi viwili, weka alama kamba inapogusa mti wa kulalia. Igeuze, mguu wa kulia uende pa kushoto, weka alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo penye usawa. Kuanzia hapo unatembeza fremu ukivuka mteremko, kila kamba inapotulia katikati unapiga kigingi.

Mteremko wa asilimia 10, ukitaka kila kinga maji lishuke mita 1.5 kutoka lililo juu yake, unaacha mita 15 kati ya mstari na mstari. Chimba mfereji wa sentimita 60 upana na 60 kina, udongo urushe juu ya mteremko, na uache nafasi ya sentimita 15 hadi 20 kati ya mfereji na tuta ili udongo usirudi. Panda mabingobingo au majani ya Guatemala juu ya tuta mara moja, na mvua za mwanzo zitayashikisha. Makosa ni mawili. La kwanza ni kuendelea kutumia fremu ambayo kamba zake zimelegea bila kuipima upya, au kuipima siku ya upepo. La pili ni kuacha sehemu moja ya tuta ikiwa chini kuliko nyingine. Maji yote ya mstari yatakusanyika pale, yatavunja tuta, na korongo litakalotokea litakuwa kubwa kuliko lile ambalo lingekuwepo bila kinga maji. Mistari mitatu ya mita 50, iliyochimbwa na darasa zima katika wiki mbili na kukaguliwa baada ya mvua ya kwanza kubwa, ingetosha kulifanya somo hili lieleweke. Ajabu ni kwamba halihitaji fedha, linahitaji majembe na mkufunzi anayekubali kuchafuka.

Anayetaka hifadhi iwe taaluma yake nzima asijilazimishe kwenye stashahada ya kilimo. Olmotonyi, Arusha, ni chuo cha misitu. Tabora kuna chuo cha ufugaji nyuki. Mweka, kilichofunguliwa mwaka 1963 chini ya Mlima Kilimanjaro, kinafundisha usimamizi wa wanyamapori. Na anayelenga shahada, stashahada yenye ufaulu mzuri inamfungulia mlango wa SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, ambako atakuta wenzake wengi walioingia na kidato cha sita wakimtegemea kwenye kazi za shamba.

Mafunzo ya fildi ni bahati nasibu. Ukipangwa kwenye kata ambayo afisa ugani wake ana pikipiki, mafuta na mashamba darasa, utajifunza zaidi ya muhula mzima. Ukipangwa ofisini, utapanga mafaili. Usisubiri kupangiwa. Tafuta mwenyewe mapema shamba la maua, kitalu cha miche au skimu ya umwagiliaji, na uombe barua ya chuo ikutangulie. Andika daftari kila siku: tarehe, kazi, kiasi cha pembejeo, saa za kazi, na hali ya mvua. Ripoti zinazofeli ni zile zilizoandikwa wiki ya mwisho kwa kukumbuka.

Bweni na chakula ni vya kawaida, hatuna la kusema. Ila ada inayotangazwa haijumuishi vifaa, na vifaa vya kuazima ndivyo vinavyomrudisha mtu nyuma. Nunua vyako: gambuti, ovaroli mbili, kisu cha kubebeshea, mkasi wa kupogolea wenye springi inayobadilishika, futikamba ya mita 30, lenzi, na mizani ndogo inayopima gramu moja moja. Mizani hiyo utaitumia kwa mbegu, mbolea na viuatilifu miaka yote. Usinunue kipima udongo cha kuchomeka kinachouzwa mitaani kwa ahadi ya kupima pH, unyevu na mwanga kwa pamoja. Sindano zake hazitoi majibu ya kutegemewa, na pesa hiyo inalipia sampuli maabara.

Kabla ya kulipa, tembelea chuo mwezi wa Septemba au Oktoba, mvua zikiwa mbali, maana mwezi wa Aprili kila chuo ni kijani. Fungua bomba la maji lililo karibu na kitalu. Hesabu mabomba ya kunyunyizia yanayofanya kazi, ugawanye kwa idadi ya wanachuo wa darasa moja. Omba kuona daftari la kitalu, na uulize miche ya kubebesha iliyouzwa mwaka jana ilikuwa mingapi. Chuo kinachouza miche kina idadi hiyo kwenye stakabadhi.